Kwa mnaoanza kuorodhesha santuri za zamani

Wiki yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyimbo za Kimarekani zinazotaja redio, nizipange kwa miaka. Nikakuta "There's a Wireless Station Down in My Heart" ya 1913, nikaiweka juu kabisa: wimbo wa kwanza kuhusu utangazaji! Mkuu wangu akacheka. "Mwaka huo nani alikuwa anatangaza?"

Kweli, nani? KDKA, stesheni ya redio ya Pittsburgh, ambako wengi huanzia hesabu, ilisoma matokeo ya uchaguzi wa rais Novemba 2, 1920. Stesheni ya 1913 ni ya simu ya upepo, nukta na vistari vya Morse vya melini, mwaka mmoja tu baada ya Titanic kuzama. Kwa hiyo ukikutana na neno "wireless", yaani bila waya, angalia mwaka kwanza: laweza kuwa simu ya upepo au redio.

Pili, msisikilize nyimbo za redio peke yake. Anzeni na za simu. Mwaka 1901 Charles K. Harris alitoa "Hello Central, Give Me Heaven", mtoto akimwomba opereta amuunganishe na mama yake mbinguni. Mwaka 1922 ikaja "I Wish There Was a Wireless to Heaven". Kilio ni kile kile, kilichobadilika ni mtambo. Lakini redio ya sebuleni hupokea tu, haipeleki neno. Ndiyo maana katika "Mr. Radio Man", aliyoirekodi Al Jolson mwaka 1924, anayesihiwa ni mtangazaji: mwambie mama arudi nyumbani. Sisi tuliokulia vipindi vya salamu hatuhitaji kufafanuliwa hapo.

Sikilizeni pia sauti yenyewe. Santuri hiyo ni ya kabla ya kurekodi kwa umeme kuanza kuuzwa mwaka 1925. Mwimbaji alikuwa akiimbia ndani ya pembe kubwa ya kurekodia, bila maikrofoni, wakati stesheni za redio alizokuwa akiziimba tayari zinatumia maikrofoni. Mimi hunichekesha kila nikiiweka.

Kuhusu usafi, brashi laini inatosha kwa vumbi. Msiguse spiriti kamwe. Santuri hizi zina shelaki, utomvu wa wadudu, na spiriti huuyeyusha. Mmoja wetu alipangusa alama ya kidole kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikatoka nyeusi, na pale alipopita sindano sasa inakoroma tu.