Barua kwa mwanangu: uliza vitufe kwanza

Mwanangu mpendwa,

Huku Moshi hatujambo, baba yako anakusalimu. Umeniuliza kama uendelee kuihangaikia piano ya nyuzi uliyohamia nayo Dar, au ununue ya umeme kwa ajili ya mjukuu wangu anayeanza masomo, na ukinunua uangalie nini.

Nunua ya umeme. Fundi amekwambia pini za kukazia nyuzi zimelegea, akityuni leo, yaani akikaza nyuzi zirudi kwenye sauti sahihi, baada ya wiki chache sauti imeshuka. Hilo halinishangazi. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na zote pamoja huvuta kwa nguvu inayopita tani 15. Pini zinazozishikilia zimebanwa kwenye mbao tu. Mbao hizo hunywa unyevu wa Dar, halafu jioni unawasha kiyoyozi zinakauka. Kuvimba na kunywea huko kwa miaka ndiko hulegeza pini. Fundi anaweza kuweka pini nene zaidi iwapo mbao hazijapasuka, lakini hewa ya sebuleni kwako itabaki ile ile. Nami sitaki mtoto aanze na noti ya A iliyoshuka. Sikio la umri ule hushika haraka, na kulirudisha ni kazi kubwa.

Ukifika Kariakoo, muuzaji ataanza na milio: tarumbeta, filimbi, midundo ya kila aina. Mwache amalize, kisha uliza vitufe. Kibodi ya vitufe 61 unayoiona kwenye kwaya nyingi ina vitufe vyepesi vinavyorudishwa na springi. Kusindikiza kwaya inatosha kabisa, nami nimeipiga kanisani miaka mingi. Kumfundisha mtoto piano haitoshi, kwa sababu vidole vyake havipati uzito wa kusukuma, na siku atakapokaa kwenye piano halisi mkono utachoka kabla ya ukurasa kwisha. Tafuta vitufe 88 vyenye nyundo ndani, vizito upande wa besi na vyepesi kadiri unavyopanda juu. Vijaribu mwenyewe. Bonyeza kimoja polepole sana usikie kama kinatoa sauti ndogo, kisha kipige kwa nguvu. Halafu kirudierudie haraka bila kukiacha kirudi juu kabisa. Kikirukaruka au kunyamaza, ondoka.

Jambo la pili ni noti ngapi zinaweza kulia kwa pamoja. Piano ya umeme ya Yamaha P-145 ina 64, ya Roland FP-30X ina 256. Mtoto hapigi noti 64 kwa mpigo, ila akikanyaga pedali, noti zilizopita zinaendelea kulia, na nafasi zikijaa za mwanzo hukatwa. Kwa miaka ya kwanza P-145 itamfaa. Mfuko ukiruhusu, mimi ningechukua FP-30X, kwa sababu spika zake zina nguvu zaidi na hatalazimika kubadilisha mapema. Ina kilo 14.8, utaipandisha ghorofani peke yako.

Pedali ndogo ya plastiki inayokuja ndani ya boksi huteleza sakafuni. Nunua nzito, yenye mpira chini. Stendi ya mbao isiyotikisika ni bora kuliko ile ya chuma ya kukunja, na kiti kiwe cha kupandisha na kushusha ili viwiko vya mtoto vilingane na vitufe. Umeme wa kupanda na kushuka huua vifaa hivi, kwa hiyo weka kilinda umeme kama kile cha friji yako.

Sitakuficha kwamba kuna kitu utakikosa. Ukipiga besi kwenye piano ya nyuzi, mtetemo unaupata hadi kwenye kiti, na nyuzi nyingine huitikia zenyewe. Mashine huiga hilo, lakini spika ndogo haziwezi kulifikisha mwilini. Ndiyo maana nataka umpeleke mtoto mara kwa mara mahali penye piano halisi iliyotyuniwa, hata kanisani baada ya ibada, mradi umeomba ruhusa. Nyumbani atavaa hedifoni na kufanya mazoezi usiku bila kuwaamsha majirani, jambo ambalo wewe hukulipata ulipokuwa mdogo.

Ya zamani usiivunje. Waulize wanaofundisha muziki pale Chuo Kikuu cha Makumira, Arusha, kama itawafaa. Wakikataa, mpe fundi wako: nyundo, felti na vitufe vyake vinaweza kutengeneza piano ya mtu mwingine.

Mama yako