Kidhibiti kilichochochea mtetemo

Kwa wiki mbili nzima niliamini nimeuziwa sensa mbovu.

Mashine yenyewe ni ya kukata stika, zile za vioo vya daladala, niliyoiunda mwenyewe kwa mirija ya alumini. Mkono unaobeba kisu ni mrefu na umeshikwa upande mmoja tu. Kila ukisimama ghafla kwenye kona ya herufi, ncha yake inaendelea kucheza, na kisu kinaacha mawimbi mahali ambapo mteja anataka mstari ulionyooka. "M" ya "Mungu" ilikuwa inatoka kama imeandikwa na mtu mwenye homa.

Nikaamua kutumia kidhibiti cha mrejesho. Sensa inasoma mwendo wa mkono, bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo unayoipangia programu, inapiga hesabu, halafu koili ya spika niliyoitoa kwenye sabufa ya zamani inausukuma mkono kinyume na unakoelekea, kwa nguvu inayolingana na kasi yake. Kwenye karatasi ilikubali kabisa. Nilipowasha, mkono ukaanza kutikisika wenyewe bila kuguswa, ukazidi kutikisika mpaka kisu kikachomoka.

Nikapunguza nguvu ya koili. Ikachukua muda zaidi kuanza, lakini ikaanza. Nikanunua sensa nyingine, mambo yakawa yaleyale.

Kama nawe unaanza kazi hii, pima kwanza, usiguse programu. Gonga mkono kwa kidole, rekodi namba za sensa, zichore kwenye kompyuta. Wangu ulikuwa unakwenda na kurudi mara 12 kwa sekunde, yaani hezi 12, kwa hiyo mzunguko mmoja ulichukua kama milisekunde 83. Kisha hesabu ni mizunguko mingapi inapita mpaka mtetemo upungue nusu, ugawanye 0.11 kwa idadi hiyo. Utapata uwiano wa ufifishaji, yaani namba inayoonyesha mtetemo unakufa haraka kiasi gani. Mimi nilihesabu mizunguko 22, nikapata 0.005, ambayo ni ndogo sana: mkono kama huo unalia kama kengele. Bila namba hizi mbili huwezi hata kusema kama kidhibiti chako kimesaidia au kimeharibu.

Sasa tuje kwa mwizi mwenyewe. Umewahi kuona watu wawili wakitwanga kinu kimoja? Mchi wa huyu ukipanda, wa mwenzake unashuka. Kinachowaokoa ni zamu, maana nguvu wote wanazo. Mmoja akichelewa nusu ya zamu, michi inakutana.

Koili yangu ilikuwa inachelewa nusu ya zamu. Sensa yangu, MPU6050, ina kichujio cha ndani kinachozuia mitikisiko ya haraka kuliko kiwango ulichokiwekea, na kwa kuwa namba zilikuwa zinarukaruka, nilikiweka kwenye kiwango cha chini kabisa, hezi 5. Namba zikatulia, nikafurahi. Jedwali la mtengenezaji linasema wazi kwamba kiwango hicho kinachelewesha taarifa kwa milisekunde 19, ila jedwali lenyewe sikulisoma. Pia kwenye programu nilikuwa natuma herufi kama 20 kwenda kwenye kompyuta ili nione kinachoendelea, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo herufi moja inachukua zaidi kidogo ya milisekunde 1, kwa hiyo zote zilikula kama 21, na mstari huo nilikuwa nimeuweka kabla ya amri ya koili. Jumlisha 19 na 21 upate 40. Nusu ya 83 ni 41.5. Nilipoziandika namba hizo kwenye kipande cha boksi nilicheka peke yangu. (Ukitaka usahihi kamili, kichujio hicho hakichelewi sawasawa hivyo kwenye hezi 12, lakini hesabu hii inatosha kumkamata mhalifu.)

Ukichelewa robo ya mzunguko, koili inageuka springi tu: inabadilisha masafa ya mtetemo, yaani mara ngapi unakwenda na kurudi kwa sekunde, haiufifishi. Ukipita robo, unaanza kuulisha, na kwenye nusu unaulisha vizuri kuliko popote. Ndiyo maana kuongeza au kupunguza nguvu hakukunisaidia chochote.

Nikauondoa ule mstari wa kuchapa, nikapandisha kichujio mpaka hezi 260, ambako ucheleweshaji ni kama haupo, nikafunga mzunguko wa programu kwenye milisekunde 1. Kelele za sensa zilirudi, lakini mkono mzito wa alumini hauwezi kufuata kelele za haraka hivyo. Ukweli ni kwamba kelele zilikuwa zinaniudhi mimi tu kwenye skrini.

Kulikuwa na shida mbili nyingine. Sensa hii inapima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, na mimi nilihitaji kasi, kwa hiyo nilikuwa najumlisha mchapuko muda wote. Kosa dogo kwenye sifuri ya sensa nalo linajumlishwa. Baada ya dakika moja hivi koili ilikuwa inasukuma upande mmoja kwa nguvu zote, na karakana ikanuka vanishi ya waya wa koili inayoungua. Tiba yake ni kuifanya jumla hiyo "ivuje": kila mzunguko wa programu, punguza sehemu ndogo ya jumla kabla ya kuongeza namba mpya. Na weka kikomo cha umeme unaokwenda kwenye koili kabla hujawasha kwa mara ya kwanza, usisubiri moshi.

Ya pili ni mahali pa sensa. Niliibandika kwenye ncha, karibu na kisu, kwa kuwa ndiko ninakotaka utulivu. Koili ilikuwa karibu na shina, pale mkono uliposhikwa. Hezi 12 ikatulia vizuri, halafu mkono ukaanza kuvuma kama friji bovu. Mkono ulioshikwa upande mmoja una mtetemo wa pili, wenye masafa kama mara 6.3 ya ule wa kwanza, na katika mtetemo huo ncha inakwenda kulia wakati sehemu ya karibu na shina inakwenda kushoto. Koili ilikuwa inafuata habari za ncha, hivyo kule ilikokuwa inasukuma ilikuwa inasukuma kinyume. Nikaihamisha sensa mpaka pale pale koili inaposhika mkono, na mvumo ukaisha siku hiyohiyo. Kwenye ncha ufifishaji ulipungua kidogo, nikakubali.

Jambo moja linaniuma kidogo kulisema: karibu nusu ya mawimbi kwenye stika yaliisha siku nilipokaza boliti mbili za shina na kuupunguzia mkono ukali wa kusimama. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza. Tiba ya mtetemo si lazima iwe na kompyuta: Daraja la Millennium la London lilifunguliwa Juni 2000 na kufungwa baada ya siku mbili kwa kuyumba. Watembea kwa miguu walikuwa wanarekebisha hatua zao kufuata myumbo, na hatua hizo zinauongeza, ugonjwa uleule wa koili yangu. Wahandisi walilitibu kwa vifyonza mtetemo karibu 90, vyote bila kompyuta, likafunguliwa tena 2002.

Leo mtetemo wa mkono wangu unapungua nusu kwa mizunguko 2 badala ya 22. Nikichomoa waya wa koili katikati ya kazi, "M" inarudi kuwa na homa papo hapo.