Kwa mnaoanza kazi ya inzi wa mawe: jina liishie pale ushahidi umeishia

Karibuni benchi. Hapa tunatambua inzi wa mawe, wale wadudu wa mtoni wa kundi la Plekoptera (stoneflies). Najua wengi wenu mmetoka Chiromo na vyuo vingine hapa Nairobi na swali la kwanza huwa ni lile lile, "hii ni spishi gani?" Jibu langu huwa ni swali pia: umeniletea dume aliyekomaa ama umeniletea tunutu, yaani mdudu mchanga anayeishi majini, aliyetolewa chini ya jiwe? Ukiniletea tunutu peke yake tutafika kwa jenasi na tutasimama hapo, na kusimama hapo si aibu.

Huku kwetu mito ya Aberdare na Mlima Kenya ukishika inzi wa mawe karibu kila saa ni familia ya Perlidae, jenasi Neoperla. Ile familia nyingine ya kusini mwa Sahara, Notonemouridae, iko Afrika Kusini na Madagaska, usiende kuitafuta Naro Moru. Kwa hivyo kufika kwa jenasi ni kazi ya asubuhi moja. Shida inaanzia baada ya hapo, na hapo ndio watu hujaza lebo haraka haraka.

Lakini kwanza hakikisha ni inzi wa mawe kweli. Wengi huhesabu mikia, wanaona miwili wanaandika Plekoptera, basi. Bana, mikia hukatika kwa neti ukisugua mawe kwa nguvu, wa mitatu akabaki na miwili, na kuna wengine wa familia ya Baetidae ambao ni Efemeroptera kabisa (mayflies, kundi lingine la wadudu wa mtoni) na wana mikia miwili tangu kuzaliwa. Angalia kucha: inzi wa mawe ana kucha mbili kwa kila mguu, Efemeroptera ana moja. Alafu mlaze chali kwa sahani ya petri ndani ya pombe kidogo tu, taa iwe ya upande si ya juu, na usukume mguu wa kati pole pole kwa sindano. Pale kwapani utaona vishada vya nyuzi nyeupe laini vimejikunja, hayo ndio mashavu ya kupumulia na kwa Perlidae yako kifuani. Efemeroptera anayabeba pembeni mwa tumbo. Ukiona hivyo vishada na kucha mbili, nenda juu ya kichwa uhesabu macho madogo (ocelli), Neoperla ana mawili tu yamekaribiana, wengi wa ndugu zake wana matatu.

Kuhusu funguo za utambuzi, yale maswali ya hatua kwa hatua yanayokufikisha kwa jina, tafadhali usichukue ile ya Marekani ama Ulaya eti kwa sababu ni ya bure kwa intaneti. Ufunguo haujui kusema "huyu simjui," unakupeleka tu hatua kwa hatua, ndio, hapana, ndio, mpaka unafika kwa mdudu wa Colorado na wako ametoka Gatamaiyu. Nimeona ripoti za hivyo zikiwa zimepigwa bainda vizuri kabisa.

Sasa hilo jina Neoperla spio mtakutana nalo kila mahali. Mtaalamu wa wadudu Newman alilitoa 1839, na kwa miaka mingi kila Neoperla wa Afrika alikuwa anaitwa hivyo, kutoka magharibi hadi mashariki. Ilibidi watu kama Peter Zwick, Mjerumani, waangalie viungo vya uzazi vya madume na mayai ya majike ndio ikaonekana hilo jina moja lilikuwa limefunika spishi kadhaa. Kwa nje wanafanana, rangi inabadilika badilika hata ndani ya mto mmoja, kwa hivyo ukikuta "N. spio" kwa ripoti ya zamani ya mto wa Kenya, isome kama "Neoperla fulani" na uendelee na kazi yako.

Dume ndiye mwenye jibu. Tazama mgongo wa tumbo, pingili ya 7 na ya 8 kuna vinundu, na ya 10 imegawanyika na kutoa ndoano mbili. Hizo zinakupa fununu tu, kitu chenyewe ni uume, ambao umejificha ndani na una kifuko chenye vimiiba, na mpangilio wa hivyo vimiiba ndio unatenganisha spishi moja na nyingine. Ukiwa na dume hai mbonyeze tumbo taratibu kwa koleo kutoka mbele kwenda nyuma mpaka kifuko kitokeze, umchovye kwa maji ya moto sana mara moja, alafu ethanoli asilimia 80. Akiwa ameshakakamaa kwa pombe, kata ncha ya tumbo uiloweke kwa KOH (potasiamu haidroksaidi) ya asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke, ila usiende kunywa chai ukasahau, KOH haina huruma.

Utawapata wapi hao madume? Shuka mtoni jioni, washa taa mbele ya shuka nyeupe, wanakuja. Mchana piga majani ya kando ya maji juu ya mwavuli uliogeuzwa. Na ile njia mimi naipenda zaidi ni kulea: chagua tunutu ambaye vifuko vyake vya mabawa vimekuwa vyeusi, huyo yuko karibu kutoka, hawa hawana hatua ya pupa. Mbebe kwa cooler box na jiwe lake, kila mmoja kikapu chake maana Perlidae ni wawindaji watakulana, pampu ndogo ya hewa ya kufugia samaki iwe inafanya kazi safari yote. Jam ya Thika Road na jua la saa nane vitakuulia sampuli kabla ufike Kasarani, kwa hivyo barafu iwe kwa chupa, isiguse maji. Akitoka usimuue hapo hapo, mpe siku moja rangi na ngozi zikomae, na lile ganda aliloacha liingie chupa moja na yeye. Hilo ganda ndilo litakuja kutuambia tunutu wa hii spishi anakaaje, na huku kwetu taarifa hiyo bado ni haba sana.

DNA inasaidia, sikatai. Chukua mguu mmoja wa kati, si tumbo, kwa sababu huyu anakula wadudu wengine na utajikuta umesoma DNA ya chakula chake. Kipande cha jeni ya COI, ile inayotumika kama msimbo wa kutambua wanyama, cha herufi 658 kinatosha kusema huyu na yule ni kundi moja, ila kama hakuna dume aliyetambuliwa kwa hifadhidata, umepata namba tu, jina bado. Marekani, huko Montana, kuna inzi wa mawe anayeitwa Zapada glacier wa vijito vya barafu inayoyeyuka, na tunutu wake humtofautishi na Zapada wengine kwa macho, lazima DNA ama aliyekomaa. Yeye na inzi wa mawe mwenzake Lednia tumana waliingizwa kwa sheria ya Marekani ya kulinda viumbe walio hatarini mwezi wa 11 mwaka 2019. Fikiria sheria nzima inasimama juu ya utambulisho wa mdudu wa milimita chache.

Kama kazi yako ni ubora wa maji tu, haya mengi hayakuhusu sana. SASS5, ule mfumo wa Afrika Kusini wa kupima afya ya mto kwa wadudu wake, unaishia kwa familia, Perlidae anapata alama 12 kwa 15, andika uende nyumbani.

Vibali vya utafiti vya NACOSTI, na vya KWS (shirika la wanyamapori) mkiingia hifadhi, hayo mnayajua. Lebo: penseli, karatasi nzuri, ndani ya chupa. Kaunti, mto, GPS, mwinuko, tarehe, nani alishika. Usiandike "Chania" peke yake, kuna Chania ya Thika na Chania ya Nyeri na zote zinatoka Aberdare. Badilisha ethanoli kesho yake, maji ya mwilini huwa yameipunguza nguvu.

Na majike msitupe. Mayai yaliyoiva tumboni yana umbo na nakshi za ganda zinazosomeka kwa hadubini ya elektroni, kwa hivyo jike aliyekuja kwa taa moja na dume, usiku mmoja, wekeni chupa zao rafu moja na kila lebo ibebe namba ya mwenzake.