Umeniuliza mtu anapumzikaje

Lushoto, Desemba

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika. Marahaba. Umeniuliza: "Mama, tumefunga shule wiki ya pili sasa, mbona bado nashtuka saa kumi na moja alfajiri, na nimechoka kuliko Novemba? Au ualimu haunifai?" Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo, ukaandika kwamba siku za mwisho hata watoto wenyewe ulikuwa huwapendi. Nadhani barua nzima uliiandika kwa ajili ya mstari huo.

Watoto 112 mkondo mmoja! Januari 2016, ada na michango ilipofutwa, nami nilipokea darasa la kwanza lililojaa hadi mlangoni. Ilipofika Septemba, mtoto akiniita "mwalimu!" ni kama amenikanyaga kidonda. Nilijiona mchawi. Miaka baadaye nikasikia redioni kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuandika uchovu wa namna hiyo kuwa ni jambo linaloletwa na kazi, na kwamba moyo kuikinai kazi ni mojawapo ya dalili zake. Nililia jikoni, baba yako akadhani ni vitunguu.

Hiyo ya alfajiri isikusumbue. Mwili haujui kama shule imefungwa. Amka, kunywa chai, rudi kulala. Na sauti iliyokauka iache inyamaze; kunong'ona nako kunaichosha.

Kinachokuchosha sasa, naona, ni wale uliorudi nao nyumbani kichwani. Mkulima akivuna huyaona magunia. Mwalimu hufunga shule na asiyejua kusoma bado hajui. Sisi tulioingia kazini wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, tukijifunza ualimu kwa redio na masomo ya posta huku tunafundisha, hakuna aliyetuambia kazi hii inaishia wapi. Nilikuja kubuni mwisho wangu, tena nimechelewa. Siku ya kufunga niliandika majina manne matano ya watoto wanaoninyima usingizi, kila mmoja na sentensi yake: "Huyu haoni ubaoni, mketishe mbele." "Huyu si mvivu, huteka maji kwanza ndipo aje." Nikampa mwalimu aliyekuwa anawapokea Januari. Usiku ule nililala. Kama unapanda nao darasa, karatasi hiyo iache kabatini shuleni, usije nayo.

Twisheni ya likizo usikubali. Najua mkopo unakatwa kwenye mshahara na Januari haina huruma. Mimi nilikubali miaka mitatu mfululizo. Fedha sijui zilikokwenda, presha ninayo hadi leo. Unasema mkuu wako atanuna. Anune. Likizo ni haki yako.

Geita ni mbali, lakini njoo. Nauli nitakuongezea. Maharage ya vuli tunang'oa wiki ijayo, ukipenda utasaidia, usipopenda utalala kwenye mkeka uani na hakuna atakayekuuliza habari za shule. Wadogo zako nimeshawaonya. Ukishuka Mombo nipigie.

Mama yako