Mrushaji aliyepoteza shabaha ghafla

Shikamoo mwalimu. Unasema kijana wako wa besiboli hapo Tabora alikuwa na shabaha kali, lakini wiki mbili sasa mipira inapaa au inachimba vumbi. Usimfokee. Muulize kwanza kiwiko: kinauma upande wa ndani? Vidole vinakufa ganzi? Mara nyingi shabaha hutoroka kabla kijana hajakiri maumivu. Akikiri, aache kurusha kabisa, aende hospitali. Habari za kuchuliwa kwa mawese tuachieni sisi wa Kigoma, na sisi tunayatia kwenye mboga.

Mkono ukiwa mzima, mrekodi kwa simu, ulinganishe mguu wa mbele unapotua na mahali anapoachia mpira. Kwa umbali wa mita 18.44, kutoka kwa mrushaji hadi kituo cha mpigaji, kosa dogo la kidole hufika likiwa kubwa. Je, amerefuka karibuni? Hilo nalo huvuruga.

Kisha kuna hofu. Steve Blass, mrushaji wa Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani, alishinda mechi 19 mwaka 1972. Mwaka uliofuata hakuweza kulenga, wala jeraha halikuonekana. Wako mwanzishe upya kwa umbali mfupi wa mita kumi, arushe bila mpigaji. Na hao wenzake wanaomcheka, watoe uwanjani.