Gari Bila Hita Kwenye Baridi ya Minnesota: Anza na Kioo

Nimezaliwa Makete, Tanzania, kule ambako mwezi wa sita na wa saba umande huganda kwenye majani na watu huota moto jikoni mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo hita ya gari langu, ile inayopuliza hewa ya moto ndani, ilipokufa Desemba 2018, sikushtuka. Nilikuwa naishi Brooklyn Park, Minnesota, huko Marekani, na kila usiku naenda Bloomington kwenye kazi ya kuhudumia wazee. Nilijiambia baridi naijua. Fundi wa kwanza alitaka dola 900, hela ambayo sikuwa nayo, nikaamua kuvumilia mpaka theluji iyeyuke.

Asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis ilifika nyuzi 28 chini ya sifuri kwa Farenihaiti, yaani kama 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Nilikuwa natoka zamu, nimevaa vizuri, mwili hauna shida kubwa. Kilichonishinda ni kioo. Pumzi yangu iliganda upande wa ndani wa kioo cha mbele, nikawa naendesha barabara ya 169 huku nachungulia kwenye upenyo usiozidi sahani. Nilichepuka mahali pa kwanza pa kutokea, nikaegesha kituo cha mafuta, mikono inatetemeka kwa hofu kuliko kwa baridi.

Tangu siku ile, kila mtu anayeniuliza avae nini akiendesha gari bila hita namwambia aanze na kioo. Mtu mwenye baridi anaweza kufika. Mtu asiyeona mbele atagonga. Na sheria ya Minnesota inakataza kuendesha ukungu au barafu ikiwa imeziba kioo kiasi cha kuzuia kuona.

Ukungu huo unatokana na unyevu ulioingia nao wewe mwenyewe. Kung'uta viatu kabla ya kuingiza miguu. Mazulia ya chini yaliyolowa yatoe, ukayakaushe ndani ya nyumba. Fungua madirisha mawili, moja kila upande, upana wa kidole. Najua inaonekana kama wazimu kufungua dirisha kwenye baridi hiyo, lakini hewa ya nje ni kavu na ndiyo inayoondoa pumzi yako. Skafu ivutwe mpaka puani, pumzi ielekee kifuani badala ya kioo. Usiku wa kuamkia safari mimi hupaka povu la kunyolea ndevu upande wa ndani wa kioo, kisha nafuta kwa kitambaa kikavu mpaka king'ae. Ukungu unachelewa sana kushika. Kikwaruzo cha barafu kiwe karibu na mkono, na kama barafu imeshika, simama ukwarue kioo kizima.

Mwili sasa. Miguu ndiyo huumia kwanza, maana imetulia juu ya bati baridi. Soksi ya sufu moja nene inatosha. Nilipovaa tatu kiatu kilibana, damu ikashindwa kupita, vidole vikafa ganzi haraka zaidi. Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho hukaa nalo. Chupa ya mpira ya maji ya moto, iliyofungwa kwenye taulo na kuwekwa mapajani, ilinifikisha kazini kila usiku. Baadaye nilinunua blanketi la umeme la volti 12 linalochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Ni zuri, ila lichomoe ukizima injini, vinginevyo utakuta betri imekufa.

Kuna jambo moja naomba unisikilize kama ndugu. Sisi tuliokulia kwenye baridi tumezoea kuingiza jiko la mkaa ndani. Usithubutu kufanya hivyo garini, wala usiwashe jiko dogo la gesi. Hewa ya sumu inayotoka hapo haina harufu wala rangi, na gari ni chumba kidogo mno. Vilevile ukikwama kwenye theluji injini ikiwa inaunguruma, toka kwanza ufukue bomba la moshi. Na ukiona umeacha kutetemeka, unasinzia na ulimi unakuwa mzito, hapo si baridi ya kuvumilia tena: ingia dukani au piga 911, namba ya dharura.

Watoto sikuwapakia kwenye gari lile hata mara moja. Koti lililojaa manyoya huzuia mkanda wa kiti chao kushika sawasawa, na bila koti wangeganda. Jirani yangu aliwapeleka shule miezi miwili, Mungu ambariki.

Kabla hujakubali bei ya fundi, tazama mshale wa joto la injini. Kama hewa inavuma lakini ni baridi, na mshale haupandi hata baada ya dakika ishirini za safari, huenda themostati, yaani vali inayoruhusu au kuzuia maji ya injini kwenda kwenye rejeta, imekwama ikiwa wazi. Kama maji ya rejeta yamepungua, hita nayo hukosa joto. Yakague injini ikiwa imepoa, usifungue mfuniko ikiwa ya moto. Zulia la abiria likiwa limelowa na kuna harufu tamutamu, basi rejeta ndogo ya hita inavuja, na hapo gharama ni kubwa kweli. Langu lilikuwa themostati. Fundi wa pili aliibadilisha mwezi Machi kwa dola 160, nami nilikuwa nimeshamaliza baridi yote.