Fosfeti kwenye tangi la matumbawe: majibu ya maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zinahusu fosfeti, kirutubisho kinachotokana na chakula na uchafu tangini, na karibu zote zina hofu ileile: namba imepanda, niishushe vipi leo hii? Nitazijibu moja baada ya nyingine. Ila mnaposoma, kumbukeni kwamba kipimo kinasoma fosfeti iliyoyeyuka majini tu. Iliyoshikwa na mawe, mchanga, mwani na uchafu hakiioni, na mara nyingi hiyo ndiyo nyingi zaidi.

Swali: Mtaalamu, mwani wa nywele umefunika mawe yote tangini kwangu, lakini kila nikipima fosfeti napata 0.00. Je, kipimo kimeharibika?

Huenda ni kizima kabisa. Mwani wenyewe unainyonya fosfeti kabla haijakaa majini muda wa kutosha kupimwa. Chakula kinaingia, kinaliwa, mabaki yanaoza, fosfeti inatoka, na mwani unaidaka papo hapo. Kwa hiyo mwani ukishamiri huku kipimo kikisoma sifuri, usihitimishe kwamba tangi halina fosfeti. Ipo, imegeuka mwani.

Usikimbilie kuongeza dawa ya kunyonya fosfeti. Mwani umekaa juu ya jiwe linalotoa fosfeti, basi wenyewe utaendelea kula na matumbawe ndiyo yatakayokosa. Ung'oe kwa mkono, uvute kwa mpira unapobadilisha maji, na uutupe nje ya tangi. Kila konzi unayotoa inaondoka na fosfeti yake. Konokono na samaki aina ya kangaja wataweza kumalizia vishina vifupi, lakini nywele ndefu wengi wao hawazigusi. Kazi hii huchukua wiki kadhaa.

Swali: Nilenge namba gani? Mmoja ananiambia 0.03, mwingine 0.1, na nimesikia baharini ni chini ya hapo.

Wote wana hoja. Maji ya juu kwenye miamba ya matumbawe huwa na fosfeti kidogo mno, mara nyingi 0.02 mg/L au pungufu. Lakini tumbawe la baharini linapitiwa na maji yenye planktoni (viumbe wadogo mno wanaoelea) usiku na mchana, na fosfeti yake linaipata ndani ya chakula hicho hai. Tangini hakuna mkondo wa namna hiyo. Ukiiga namba ya bahari bila kuiga chakula cha bahari, tumbawe linalala njaa, pamoja na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya tishu zake na kulilisha.

Kwa tangi la nyumbani mimi nalenga 0.03 hadi 0.1 mg/L, na naitreti, kirutubisho kingine kitokanacho na uchafu, kati ya 2 na 10 mg/L. Sipendi ipande sana kwa sababu mbili. Moja ni mwani, hiyo mnaijua. Ya pili haizungumzwi vya kutosha: fosfeti hushikamana na uso wa fuwele za kabonati ya kalsiamu na kuzuia zisikue, na mifupa ya matumbawe magumu ndiyo kabonati hiyohiyo. Tumbawe linaweza kuwa na rangi nzuri na bado likawa linajenga polepole.

Hata hivyo yapo matangi yenye 0.2 yanayopendeza kwelikweli, mwaka baada ya mwaka. Ukichunguza utaona namba yake haiyumbi, na alkaliniti (akiba ya kabonati majini ambayo matumbawe hujengea mifupa) nayo imetulia. Ningechagua 0.15 iliyotulia kuliko 0.03 inayopatikana Jumatatu na kupotea Ijumaa.

Swali: Fosfeti ilikuwa 0.4. Nikabadilisha nusu ya maji kwa maji mapya yasiyo na fosfeti, ikashuka hadi 0.2. Baada ya siku tatu imerudi 0.35! Inatoka wapi, wakati nimewapunguzia samaki chakula?

Inatoka kwenye mawe na mchanga wako. Mawe ya tangini ni kabonati ya kalsiamu yenye vitundu vingi, na uso wake hushika fosfeti kadiri ilivyo nyingi majini. Tangi likikaa na 0.4 kwa miezi mingi, mawe nayo yanajaa kwa kiwango hicho. Ukishusha ya majini ghafla, mawe yanaanza kuachia mpaka pande zote mbili zilingane tena. Hukukosea kubadilisha maji. Umetoa fosfeti ya kweli, ila umegusa sehemu ndogo ya akiba.

Hii ndiyo sababu fosfeti haishuki kama naitreti. Naitreti haishikwi na mawe, kwa hiyo ukibadilisha nusu ya maji unabaki na nusu yake. Fosfeti inakudai uitoe tena na tena, kidogo kidogo, mpaka akiba ya mawe ipungue. Tangi lililokaa na fosfeti ya juu kwa mwaka mzima linaweza kuchukua miezi kutulia, na namba itaonekana kama haisogei, kisha siku moja inaanza kuteremka yenyewe.

Sasa twende kwenye kinachoingia, maana ndicho unachoweza kukitawala. Chakula kikavu cha samaki huwa na fosforasi ya takriban asilimia 1 ya uzito wake. Basi gramu moja ina miligramu 10 za fosforasi, na hizo zikigeuka fosfeti yote zinafikia kama miligramu 30. Kwenye tangi la lita 300 hiyo ni 0.1 mg/L. Gramu moja tu! Bila shaka si yote inayobaki majini. Samaki wanajenga mwili, na skima, mashine inayonasa uchafu kwa povu, inautoa kabla haujaoza. Lakini pima siku moja chakula unachotia kwenye mzani mdogo, utashangaa.

Sikuambii uwanyime samaki. Samaki waliokonda ni hasara kubwa kuliko fosfeti ya 0.2. Walishe kinacholiwa chote ndani ya dakika moja au mbili, kisha uwe na njia ya kudumu ya kutoa. Ninayoipenda mimi ni chumba cha mwani kwenye sampu, yaani tangi dogo la vifaa lililounganishwa na tangi kuu: mwani wa Chaetomorpha chini ya taa inayowaka usiku wakati taa za tangi zimezimwa. Unakua, unanyonya fosfeti na naitreti pamoja, na kila wiki au mbili unavuna sehemu. Usipovuna hujatoa kitu, umehamisha tu.

Kagua na maji ya kujazia. Kuna miji inayotia fosfeti kwenye maji ya bomba kwa makusudi, ili madini ya risasi yasitoke kwenye mabomba ya zamani. Yanapovukiza, maji huondoka na fosfeti hubaki. Ukijaza lita 4 kwa siku za maji yenye 1 mg/L kwenye tangi la lita 200, unaongeza 0.02 kila siku, yaani 0.6 kwa mwezi, bila kutia punje ya chakula. Tumia maji ya RO/DI, yaani yaliyochujwa hadi kuondolewa karibu kila kitu kilichoyeyuka, yanayosoma 0 kwenye kipima TDS (kipima jumla ya vilivyoyeyuka majini).

Swali: Kusuuza chakula kilichogandishwa kabla ya kulisha kunasaidia?

Kidogo sana. Sehemu kubwa ya fosfeti imo ndani ya nyama yenyewe, si kwenye maji ya barafu. Suuza kama unapenda, ila usitegemee namba ibadilike kwa hilo.

Swali: Niliweka punje za oksidi ya chuma, GFO, kiasi kamili kilichoandikwa kwenye kopo. Fosfeti ilitoka 0.35 ikafika 0.02 kwa siku tatu. Acropora zangu, matumbawe magumu ya matawi, zimepauka na mbili zinachunika ngozi nchani. Nisaidie tafadhali.

Pole sana, ndugu yangu. Toa punje zote leo. Usimwage fosfeti ya chupa kwa pupa kurudisha ulikotoka, mawe yatarudisha kiasi yenyewe, nawe lisha samaki vizuri. Kisha pima alkaliniti. Tumbawe lililonyimwa chakula ghafla huungua ncha upesi zaidi alkaliniti ikiwa juu. Kama uko 10 dKH (kizio cha alkaliniti) au zaidi, acha iteremke taratibu hadi karibu 8, bila kushtua. Punguza mwanga kidogo kwa wiki mbili. Ngozi ikiendelea kuchunika kwenye tawi, likate ukiingia kidogo kwenye sehemu iliyo hai, uokoe kinachobaki.

Kosa si la GFO. Ni dawa nzuri, tena inafanya kazi haraka mno, na maandishi ya kopo hayajui tangi lako limezoea nini. Ukirudi kuitumia, anza na robo ya kiasi. Isuuze mpaka vumbi la kahawia liishe, na maji yapite polepole kiasi cha punje za juu kucheza tu, si kusagana. Pima baada ya siku mbili. Mimi sipendi kuona fosfeti ikishuka zaidi ya 0.05 kwa wiki kwenye tangi lenye matumbawe magumu. Na kujua kama punje zimechoka, pima maji yanayotoka kwenye mtungi wake: yakiwa sawa na ya tangi, zimeshiba, badilisha.

Swali: Naitreti yangu ni 2, fosfeti 0.5. Rafiki ananishauri nitie siki kila siku ili bakteria waile fosfeti. Nimsikilize?

Kwa namba hizo, hapana. Siki, kama vodka, ni kaboni ya kuwalisha bakteria. Wakizaliana wanachukua naitreti na fosfeti, na skima inawatoa. Lakini wanavichukua kwa uwiano wao. Utafiti ulioanzishwa na mwanasayansi Alfred Redfield katika miaka ya 1930 ulionyesha kwamba viumbe wadogo wa baharini wana atomu 16 hivi za nitrojeni kwa kila atomu moja ya fosforasi. Ukigeuza hesabu hiyo iwe miligramu, ni takriban 10 za naitreti kwa 1 ya fosfeti. Bakteria wako si lazima wafuate uwiano huo sawasawa, ila unatosha kukuonyesha njia: naitreti yako ya 2 ingeisha baada ya kushusha fosfeti kwa 0.2 tu, ukabaki na 0.3 na naitreti sifuri. Hapo ndipo utando wa bakteria huota na matumbawe hupauka.

Kwako ningetumia GFO kidogo kidogo. Ukipenda njia ya siki, inua kwanza naitreti.

Swali: Kipimo changu kinasoma 30 ppb (sehemu kwa bilioni) za fosforasi, cha mwenzangu kinasoma 0.09 za fosfeti, maji ni yaleyale. Nani mkweli?

Nyote wawili. Zidisha ppb za fosforasi kwa 3.066, gawanya kwa 1,000: 30 inakuwa 0.092 mg/L za fosfeti. Futeni alama za vidole kwenye kichupa na muondoe vipovu kabla ya kusoma. Na tofauti ya 0.01 kati ya leo na jana msiikosee usingizi, ni ndani ya kosa la kipimo chenyewe.

Swali: Mimi nina shida kinyume. Fosfeti 0.00 kwa miezi, naitreti 0, na sasa kuna utando wa kahawia wenye nyuzi na vipovu juu ya mchanga. Unapungua usiku, asubuhi taa zikiwaka unarudi. Konokono wanakufa.

Dalili hizo zinaelekea kwenye dainoflajeleti, viumbe wadogo wa seli moja, na baadhi yao wana sumu inayoua konokono. Hustawi sana kwenye matangi yaliyokaushwa virutubisho, kwa sababu mwani mwingine na bakteria ambao wangegombania nao nafasi wamekufa njaa. Toa GFO, punguza muda wa skima, lisha zaidi, na utie fosfeti.

Tumia fosfeti ya monopotasiamu safi ya daraja la maabara au la chakula, siyo mbolea ya shamba. Gramu 1 ndani ya lita 1 ya maji ya RO/DI inakupa takriban miligramu 0.7 za fosfeti kwa kila mililita. Kwa tangi la lita 300, mililita 8.5 hivi zinainua 0.02. Siku za kwanza utatia na kesho yake utapima sifuri, kwa sababu mawe yaliyoishiwa fosfeti yanaivuta. Endelea kila siku mpaka kipimo kishike kati ya 0.05 na 0.1, na uinue naitreti nayo hadi 5 au zaidi. Usibadilishe maji mengi kipindi hiki.

Swali: Je, kloridi ya lanthanamu ni salama? Nina kangaja wawili.

Inashusha fosfeti kwa nguvu, lakini inatengeneza unga mweupe mwembamba, na wafugaji wengi wameripoti kangaja wakihema kwa shida au kufa pale unga huo ulipowafikia. Anayeitumia anaichanganya na maji mengi ya RO/DI, anaidondosha tone kwa tone ndani ya soksi ya kuchujia ya mikroni 5 au 10, na anapima alkaliniti kila siku maana nayo hushuka. Inafaa kwa tangi kubwa lenye fosfeti ya juu sana, au kuoshea mawe ya zamani kwenye ndoo isiyo na kiumbe. Kwa tangi la kawaida lenye kangaja ndani, siitumii, na nisingekushauri.